Jiko Langu, Mikono ya Mwingine

Nyumba yangu iko South C, na kila mwaka baridi ya Nairobi inapoanza mimi huteremka Mombasa kukaa na mama. Ni mtu mzima sana sasa, na sisi wanawe tumegawana miezi ili asibaki peke yake. Nyumba ya Nairobi haiwezi kutiwa kufuli ikaachwa hivyo. Kuna paka, kuna vyungu vya mrehani na asumini kibarazani, na kuna maji, ambayo mkazi yeyote wa jiji hili anajua kuwa yakija lazima awepo mtu wa kuyapokea. Basi humwachia mtu. Ameshakaa mpwa wangu wa kiume, akakaa binti wa rafiki yangu, na miaka hii ya karibuni hukaa binti wa dada yangu, ambaye anasoma chuo kikuu huko Pwani na hupanda garimoshi kuja bara chuo kikifungwa.

Nataka kueleza ninavyoiandaa nyumba kabla hajafika, na hasa jiko, kwa sababu naona wengi wetu tunalichukulia jambo hili juujuu. Tunafagia, tunatandika mashuka safi, tunampa mtu funguo, tunamwambia nyumba ni yako, tunaondoka. Usafi ni heshima kwa mgeni na siudharau. Lakini kinachoiendesha nyumba ni mambo madogo mengi ambayo mwenyewe huyafanya bila kufikiri. Mkono wangu unajua ni kichwa kipi cha meko ya gesi kinachotaka kiberiti na kipi kinawaka chenyewe. Sikio langu linajua mlio wa pampu inapovuta maji na mlio wake inapovuta hewa. Nikiondoka, maarifa hayo yote napanda nayo garimoshi, na binti wa watu anabaki na kuta na sufuria.

Nimelijua hilo kwa simu. "Mamdogo, hizi namba za tokeni za stima zinaingizwa wapi?" "Mamdogo, mfereji unatoa upepo tu, ndivyo ulivyo?" "Mamdogo, maharagwe yako motoni tangu adhuhuri na bado ni magumu, nimekosea wapi?" Kila swali lililoulizwa na hao watatu nililiandika kwenye daftari pamoja na jibu lake, na daftari hilo ndilo ninaloliacha juu ya friji hadi leo. Sikulitunga kwa kukaa na kuwazia mgeni atahitaji nini. Mwenye nyumba hawezi kuyawazia hayo, kwa kuwa kwake hakuna kilichofichika.

Swali la maharagwe lilinifurahisha kuliko yote, maana binti hakuwa amekosea chochote. Nairobi imekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka yakifika nyuzi 94 au 95 hivi, si 100 kama kwao Mombasa. Sufuria inatokota kwa kishindo kilekile lakini joto lililomo ni pungufu, kwa hiyo maharagwe na mbaazi kavu huchukua muda mrefu zaidi. Aliyezaliwa akila mbaazi za nazi na kuzipika kwa saa anayoijua atadhani ameuziwa mbaazi za zamani. Siku hizi humwambia mapema: loweka usiku kucha, mwaga maji yale, kisha tumia sufuria ya presha. Na hiyo sufuria ya presha simwachii na maneno matupu. Tunaipika pamoja mara ya kwanza. Namwonyesha kwamba maharagwe na maji yake yasipite nusu ya sufuria, kwamba kitundu cha mvuke kinachunguliwa kila mara kabla ya kufunika, na kwamba kifuniko hakiguswi mpaka presha ishuke yenyewe. Kama hataki hekaheka hiyo, namwelekeza kwa mama anayeuza maharagwe yaliyochemshwa jioni karibu na kituo cha matatu. Anapima kwa kikombe, ni matamu, na gesi inabaki kwenye mtungi.

Gesi ndiyo inayonikalisha macho zaidi ya kitu kingine chochote jikoni. Mlipuko wa gesi wa Embakasi, hapa Nairobi, wa usiku wa tarehe 1 Februari 2024 uliusikitisha mji mzima, na tangu hapo hakuna anayelala nyumbani kwangu kabla sijaketi naye mbele ya mtungi. Namweleza kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hushuka na kutambaa sakafuni, na haiondoki kwa kufungua kidirisha cha juu peke yake. Mlango nao ufunguliwe wazi. Ile harufu kali imetiwa makusudi, kwani gesi yenyewe haina harufu. Akiisikia, asiwashe taa wala asizime, asiguse swichi yoyote wala kiberiti. Afunge mtungi, afungue milango na madirisha, atoke nje na kupiga simu akiwa nje. Hayo nimeyaandika kwa herufi kubwa ndani ya mlango wa kabati lililo karibu na meko, mahali ambapo jicho litaangukia hata mtu akiwa ametaharuki.

Kisha namwachia yeye afungue regyuleta na kuirudisha kwa mkono wake, nami nikitazama. Anapaka povu la sabuni kwenye kiungo na kwenye mpira, tunasubiri, tunaangalia kama kuna mapovu yanayofura. Kuona mtu akifanya ni jambo moja, na kidole kikakumbuka ni jambo jingine. Tarehe niliyobadilisha mtungi wa kilo 13 nimeiandika kwenye daftari, na ule wa kilo 6 wenye kichwa chake juu huwa umejaa, umekaa kibaraza cha nyuma penye hewa. Mtu asiseme atajua mtungi umekwisha kwa kuutikisa. Uzito wa mtungi ukiwa mtupu umepigwa chapa kwenye chuma chake. Ukiwa na mizani, pima, toa, utajua kilichobaki.

Kutoka hapo naingia kwenye baridi, na hili naliona ni la jikoni pia. Usiku wa Julai Nairobi hushuka mpaka nyuzi 10 au 12. Msichana wa Mombasa anayekuja na leso na gauni la pamba atatafuta moto, na moto anaoujua tangu utotoni ni jiko la makaa. Kwao jiko hilo linawashwa uani, upepo wa bahari unapita, hakuna anayedhurika. Huku nyumba zimefungwa madirisha kwa ajili ya baridi hiyohiyo, na jiko likiingizwa chumbani linatoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu anasinzia na haamki. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyokutwa hivyo asubuhi. Kwa sababu hiyo jiko la makaa nimelitoa ndani kabisa, liko stoo ya nje, na namwambia wazi kwa nini liko huko. Badala yake namwachia blanketi mbili nzito, soksi, sweta langu, chupa ya maji ya moto ya kulala nayo, na tangawizi ya kutosha chai ya kila usiku. Kumkataza mtu moto bila kumpa joto jingine si haki.

Sasa makabati. Mgeni anayekuja kukaa wiki nyingi anahitaji rafu iliyo tupu kabisa, na si kona iliyosukumwa-sukumwa. Namwachilia rafu moja kabatini na moja kwenye friji, nikazifuta, na vitu vyake vinakaa humo bila kuniomba radhi. Vilivyo vyangu ninavigawa kwa sauti: hivi kula, hivi kula kwanza maana vitaharibika, hivi niachie. Sijawahi kuona aibu kusema "niachie". Aibu ni kumwacha mtu akikisia, akala ugali mkavu mbele ya samaki aliyenunuliwa kwa ajili yake.

Makopo yote nayabandika karatasi. Jikoni kwangu kuna vitu vinne vyeupe vinavyofanana kama pacha: chumvi, sukari laini, soda ya kuokea na ndimu ya unga. Bizari, jira, mdalasini wa kusaga, iliki, vyote vina majina juu yake na mwezi niliosaga. Pakiti zilizofunguliwa huzimaliza au kuzigawa kabla sijaondoka. Unga unaokaa wazi hualika fukusi, na fukusi wakishaingia kabati moja wanahamia hadi kwenye tambi. Unga mpya na mchele mpya naviweka kwenye ndoo zenye vifuniko vinavyobana, na unga huanza kwa kukaa friza siku kadhaa ili kama una mayai ya wadudu yafe humo. Mende nao hawafuati uchafu peke yake, wanafuata maji. Namwomba akaushe sinki kila usiku, na chakula cha paka kisilale sakafuni.

Kwenye friza naacha samaki waliokatwa mapande ya mlo mmoja mmoja, na tui la nazi niliyoikuna mwenyewe kwa mbuzi, nikaligandisha kwenye vikopo. Stima ikipotea, kanuni ni moja: usifungue mlango. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa kwa saa 48. Ikiwa nusu, saa 24. Lakini je, kama alikuwa safarini siku mbili, au alilala kwa shoga yake, atajuaje stima ilipotea muda gani? Nimeweka humo kikombe cha barafu na sarafu ya shilingi ishirini juu yake. Akirudi akaikuta sarafu imezama chini ya barafu, ajue vyote viliyeyuka vikaganda upya, na samaki wale wasiliwe, hata na paka.

Vipo vitu ambavyo sitaki vitumike: sinia la shaba la bibi yangu na vikombe vya kahawa vya arusi ya mama. Zamani za mpwa wangu wa kiume niliviacha rafuni, naye akawa hapiti upande ule wa jiko kwa kuogopa. Sasa huvifunga kwenye sanduku. Dhahabu na karatasi za nyumba huzipeleka zikawekwe kwingine kabisa. Watu wengine huona kufanya hivyo ni kumshuku mtu. Mimi naona ni kumtua mzigo. Amana nzito hupewa mtu aliyeikubali, na kijana aliyekuja kunilindia paka na maji hakukubali kulala juu ya dhahabu ya ukoo.

Na tuseme juu ya pesa. Jamaa wengi humweka mtoto wa ndugu nyumbani miezi miwili kisha wakahesabu kwamba wamemsaidia, kwa kuwa amelala bure Nairobi. Siliafiki hilo hata kidogo. Kijana anayekulindia nyumba anakufanyia kazi. Anaamka usiku maji yakija, anabaki ndani wenzake wakienda Uhuru Park, anajibu kila anayebisha hodi. Namwachia unga, mchele, mafuta, sukari, majani ya chai na sabuni za muda wote, na kila Jumamosi namtumia pesa za mboga na nauli kwa M-Pesa kabla hajaulizia. Ya lori la maji na ya fundi huwa mbali, katika bahasha, ili asije akatia mkono mfukoni mwake nyumba yangu ikiharibika.

Maji yenyewe yana ukurasa wake mrefu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na hayatoshi mji, kwa hiyo kila mtaa una siku zake za kupata. Siku zetu nimezizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani. Mara nyingi yanakuja usiku wa manane. Tangi la chini likijaa, pampu inayapandisha darini. Na pampu haiwashwi kabla ya kufungua kifuniko na kuona maji kwa macho, kwani ikivuta hewa inaungua. Jambo ambalo watu wa nyumba zenye maji kila saa hawalijui ni hili: mfereji ukifunguliwa ukatoa upepo, ufungwe papo hapo. Mtu huusahau wazi, anatoka, maji yanarudi yeye akiwa mjini, na jioni jirani wa chini ndiye anayempigia simu. Koki kuu nimeifunga utepe mwekundu. Jikoni kuna mitungi ya lita 20 iliyojaa, ya kunywa imewekwa mbali na ya kuoshea, na maji ya kunywa ni lazima yachemshwe hata yakionekana maangavu.

Stima ni fupi. Namba ya mita nimeibandika kando ya mita, pamoja na 888880, namba ya kulipia tokeni kwa M-Pesa. Zikija tarakimu 20 kwa ujumbe wa simu, anazibonyeza kwa utaratibu, nne nne. Kabla sijaondoka nalipia za kutosha ili wiki zake za mwanzo zisiwe za wasiwasi. Shawa ya umeme inawashwa kwa swichi mikono ikiwa mikavu, kabla ya kuingia majini, na haiguswi tena mpaka mtu ajifute. Taka hutolewa getini asubuhi ya siku ya gari lake. Basi.

Kinachobaki ni watu, na hapo sifanyi haraka. Mgeni ni kuku mweupe, na katika mtaa wenye geti kila mtu atamwona siku ya kwanza. Swali ni kama watamwona kama mtu wa nyumba au kama mtu asiyejulikana. Tunatembea pamoja kwa miguu. Namtambulisha kwa soja wa geti, nikimtaja kama mwanangu, ili asije akasimamishwa usiku akiulizwa anakwenda kwa nani. Tunamwamkia mzee wa Nyumba Kumi. Tunapitia kwa mama mboga, naye anaambiwa akimkopesha sukuma au nyanya ni sawa na kunikopesha mimi. Tunabisha kwa jirani wa mkono wa kulia, ambaye ana ufunguo wa akiba na anazo namba zetu wote. Fundi wa pampu namwomba apite mwenyewe, wajuane sura, kwani sipendi msichana aliye peke yake amfungulie mlango mwanamume anayemjua kwa jina tu. Polisi na dharura ni 999 au 112, zimeandikwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Na mimi sitangazi kwenye simu kwamba nimesafiri. Picha za Mombasa zinangoja nirudi.

Lililonisaidia kuliko yote ni kulala naye usiku mmoja kabla sijaondoka. Jioni hiyo yeye ndiye mpishi, nami nakaa kwenye kigoda pale mlangoni wala simwelekezi. Natazama mkono wake unakwenda wapi. Alipotafuta kiberiti alifungua droo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kesho yake kiberiti kilihamia kando ya meko na hakijarudi. Alipotaka mwiko aliangalia juu, na mimi huuweka chini, kwa kuwa mimi ni mfupi na yeye ni mrefu. Kisu cha samaki alikichukua akakiona butu, akanyamaza, akachukua kingine. Mdomo wa mgeni una adabu na hautasema kisu chako ni butu. Mkono wake unasema. Usiku huo nilikinoa.

Nikirudi pia tunalala pamoja usiku mmoja. Sizunguki nikikagua, wala sihesabu vikombe. Nafika na samaki wa Mombasa na mabuyu, tunakula, kisha namwomba alete daftari anisomee alichokiandika nyuma yake: kilichokosekana, kilichomtisha, kilichomchosha. Mwaka jana aliandika kwamba paka mkubwa hali chakula kikiwekwa karibu na mashine ya kufulia, na kwamba asumini haitaki maji kila siku katika baridi hii, inataka mara mbili kwa wiki. Nimeishi na paka huyo na asumini hiyo miaka mingi, na mimi sikuwa nimeyaona hayo.

Sasa ni Juni tena. Fundi wetu wa zamani wa pampu amehamia Kitengela, kwa hiyo lazima nimtafute mwingine na kumwita wajuane. Swichi ya shawa imehamishiwa nje ya mlango na ukurasa wake bado unasema iko ndani. Mpira wa sufuria ya presha umelegea; nitapita Kamukunji kuutafuta mwingine wa saizi hiyo. Garimoshi linamfikisha Syokimau Ijumaa jioni, na nataka yote matatu yawe yamekwisha Alhamisi.